Kuondoa rangi na kutu kwa kupuliza chembe: kuanzia kompresa hadi praima

Anayejiandaa kupuliza chembe, yaani kurusha punje kali kwa hewa iliyobanwa ili zing'oe rangi na kutu, kwa mara ya kwanza huuliza kwanza anunue chembe za aina gani. Swali hilo lina nafasi yake, lakini kinachoamua kama kazi itakwenda au itakwama ni hewa: inafika nyingi kiasi gani kwenye nozo (mdomo ambamo hewa na chembe hutokea), na ni kavu kiasi gani. Chembe hazina nguvu zake zenyewe. Hubebwa na hewa, na hewa ikilegea, hata chembe bora kuliko zote huishia kuipapasa rangi tu. Jambo la pili ni kwamba uso hutayarishwa ili rangi mpya iushike. Kung'aa peke yake hakusaidii kitu, na chuma kinachometameta kikipakwa rangi juu ya vumbi, chumvi au mafuta kitaachia rangi hiyo mapema.

Kwanza mapafu

Usipulize mchanga wa mtoni, wa ufukweni wala wa ujenzi. Mchanga wa kawaida una silika, na unapogonga chuma kwa kasi hupasuka na kuwa vumbi laini lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo huingia hadi ndani kabisa ya mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu usio na tiba. Uingereza ilipiga marufuku mchanga wa silika katika sehemu kubwa ya kazi hizi mwaka 1950, na mwaka 1974 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilipendekeza marufuku kama hiyo. Chagua chembe ambazo karatasi yake ya maelezo inaonyesha silika huru chini ya asilimia 1.

Kubadilisha chembe hakuondoi hatari yote, kwa sababu rangi inayotolewa nayo hugeuka vumbi. Rangi za zamani, hasa za madaraja, mashine na matangi, mara nyingi zina madini ya risasi au kromati, ambazo ni sumu. Pima kabla hujaanza. Ikiwa risasi ipo, kazi inahitaji uzio uliofungwa, kifyonza vumbi chenye chujio na utupaji maalumu wa taka. Usiifanye uwanjani penye watu na watoto.

Mpulizaji huvaa kofia maalumu inayoletewa hewa safi kwa mpira wake, yenye shela inayofunika mabega. Barakoa ya vumbi haitoshi. Hewa ya kofia ikitoka kwenye kompresa yenye oili, ipitie chujio la hewa ya kupumua na iwe na kengele ya kaboni monoksaidi, kwani chujio la kawaida haliizuii gesi hiyo. Kiwango kinachotumiwa sana ni kisichozidi sehemu 10 kwa milioni. Mdomo wa kompresa wa kuvuta hewa ukae mbali na moshi wa injini yoyote, ikiwemo ya kompresa yenyewe. Ndani ya kofia vaa vizibo vya masikio, maana mlio wa nozo hupita desibeli 100. Glavu nene za ngozi, aproni na buti ni lazima, na msaidizi aliye karibu naye avae kinga ya kupumua. Kazi ikisimama, usivue kofia papo hapo. Vumbi laini hubaki hewani muda mrefu baada ya vumbi zito kutua.

Hesabu ya hewa

Nozo ndiyo huamua mahitaji ya kompresa. Kwa shinikizo la psi 100, yaani karibu bar 7, nozo hutumia hewa takriban hivi kwa dakika:

- nozo namba 2 (mm 3.2): futi za ujazo 20
- namba 3 (mm 4.8): 45
- namba 4 (mm 6.4): 81
- namba 5 (mm 8): 137
- namba 6 (mm 9.5): 196
- namba 8 (mm 12.7): 338

Tazama namba 4 na namba 6: tundu limeongezeka milimita 3 tu, lakini hewa inayotakiwa imezidi maradufu. Ndiyo sababu kompresa ndogo ya gereji, inayotoa futi 15 hadi 20, haiwezi kazi ya lango zima au chasisi. Itapuliza kwa nusu dakika, tangi lake litaisha, kisha utasubiri. Kompresa ya kuvutwa na gari inayotoa futi 185 huendesha nozo namba 5 vizuri na kubakiza hewa ya kofia. Acha akiba, kwa sababu nozo huliwa na chembe na kutanuka. Kompresa inayotosha kwa nozo mpya bila ziada itapungukiwa kabla nozo haijafika wakati wa kubadilishwa.

Shinikizo lisomwe kwenye nozo. Geji ya kompresa inaweza kuonyesha psi 110 huku nozo ikipata 75, na kilichobaki kimepotelea kwenye mipira myembamba, viungo vidogo na kona. Kipimo chake ni geji ya sindano, ambayo huchomwa kwenye mpira karibu na nozo, sindano ikielekea upande wa nozo, huku hewa na chembe vikipita. Kwa makadirio ya mafundi wa kazi hii, kila psi 1 inayopungua chini ya 100 hupunguza kasi ya kazi kwa asilimia 1.5. Ukipoteza psi 20, umepoteza karibu theluthi ya siku yako, na mafuta ya injini yameungua yaleyale.

Mpira wa chembe uwe na kipenyo cha ndani mara 3 hadi 4 ya tundu la nozo. Kwa nozo namba 5, mpira wa mm 32 unafaa. Uwe mfupi kadiri kazi inavyoruhusu, ulazwe bila kukunjwa. Nozo yenyewe iwe ya venturi, ile inayobana katikati na kupanuka mdomoni, maana huongeza kasi ya chembe na kutandaza mpigo sawasawa kuliko tundu lililonyooka. Nozo za kauri huisha ndani ya saa chache kwa chembe kali, za tungsteni kabaidi huenda mamia ya saa, na za boroni kabaidi hudumu zaidi ya hizo.

Sasa unyevu. Hewa inayobanwa hupata joto, na ikipoa njiani hutoa maji. Maji hayo hushikanisha chembe ndani ya tangi lake, huziba vali, na hulowesha chuma ambacho umetoka kukisafisha. Weka kipoza hewa baada ya kompresa, kisha kitenganisha maji karibu na tangi la chembe, na kwenye hali ya hewa yenye unyevu mwingi ongeza kikaushio. Jaribio ni rahisi: puliza hewa tupu, bila chembe, juu ya kitambaa cheupe au karatasi ya kunyonya kwa dakika moja. Ukiona doa la maji au la mafuta, usianze.

Kuchagua chembe

Kwa chuma kizito, garneti ya mesh 30/60 (namba ya ukubwa wa chembe) ndiyo ningeishauri kwanza. Inakata haraka, vumbi lake ni dogo kiasi, na kwa kawaida huacha mparuzo wa mikromita 50 hadi 75. Mparuzo ni vile vilele na mabonde madogo yanayoachwa na chembe, ambamo praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, huingia na kushika. Slagi (mabaki magumu ya tanuri) ya shaba au ya makaa hukata vizuri pia, lakini hutoa vumbi zaidi na hutumika mara moja. Griti ya chuma, yaani punje zenye ncha kali, hurudiwa mara nyingi sana, kwa hiyo inafaa kwenye chumba kilichofungwa chenye mtambo wa kuikusanya. Ikilowa hushika kutu. Alumini oksaidi ni kali na hurudiwa mara kadhaa, inapendeza kwenye kabati la kupulizia vipande vidogo.

Shanga za kioo husafisha na kulainisha bila kuacha mparuzo wa maana, hivyo zinafaa sehemu za injini zisizopakwa rangi. Chembe za plastiki huondoa rangi kwenye bati na alumini bila kuchimba metali. Soda ya kuokea huondoa rangi taratibu, wala haiondoi kutu wala haiachi mparuzo, na mabaki yake huzuia rangi mpya kushika. Ukiitumia, osha kwa maji mengi na ukaushe kabisa kabla ya kupaka. Maganda ya jozi (walnut) yaliyosagwa hutumika kwenye mbao na vitu laini.

Kwenye alumini na stenlesi usitumie griti ya chuma wala chembe zilizokwisha kutumika kwenye chuma. Vipande vidogo vya chuma huzama humo na baadaye hutoa madoa ya kutu.

Andaa chembe za kutosha. Nozo namba 5 kwa psi 100 hula kama kilo 370 kwa saa. Mifuko 3 haifikishi mbali.

Kuandaa kitu chenyewe

1. Ondoa mafuta na grisi kabla ya kupuliza. Tumia sabuni ya kuondoa grisi au thina na vitambaa safi, ukibadilisha kitambaa kila kinapochafuka. Chembe haziondoi mafuta, huyasambaza na kuyasukuma ndani ya mparuzo, na chembe zikirudiwa huyabeba hadi kwenye kitu kinachofuata.
2. Kama chuma kimekaa karibu na bahari, kwenye mbolea au kemikali, kioshe kwa maji safi ya shinikizo kubwa ili kutoa chumvi, kisha kiache kikauke.
3. Gonga na usage matone ya welding. Kona kali zisagwe ziwe na mviringo wa karibu mm 2, kwa sababu rangi hujivuta kutoka kwenye ncha na kubaki nyembamba mno hapo.
4. Ziba kila kisichotakiwa kuguswa: vioo, beringi, mihuri ya oili, nyuzi za boliti, nyuso zilizochongwa kwa mashine, mirija na vibao vya namba za utambulisho. Utepe wa karatasi hutoboka mara moja. Tumia utepe mnene wa mpira, vizibo vya mpira au kipande cha bati. Beringi ikiwezekana itolewe kabisa. Chembe moja ndani ya beringi inatosha kuimaliza.
5. Tangi au bomba lililowahi kubeba mafuta au gesi lisiguswe mpaka limesafishwa na kupimwa kuwa halina mvuke unaoweza kuwaka. Msuguano wa chembe huzalisha umeme tuli.

Kufunga mitambo

Tangi la chembe liwe chombo halali cha shinikizo, chenye vali ya usalama inayofanya kazi. Matangi yanayochomelewa kutokana na mitungi ya gesi ya zamani hupasuka, na kupasuka kwake huua. Hili halina mjadala.

Tandaza mipira, funga viungo, weka pini kwenye kila kiungo na kamba ya waya inayozuia mpira kurukaruka kikifunguka. Unganisha tangi na nozo kwenye ardhi kwa waya, na tumia mpira wa chembe unaopitisha umeme tuli. Kwenye nozo pawe na kishikio cha usalama, kile kinachozima mpigo mara tu mkono unapokiachia. Usikifunge kwa waya ili kupumzisha mkono. Mpira wenye nozo ulioanguka chini ukiwa hai hauna wa kuukamata.

Mwaga maji kwenye vitenganishi. Funga vali ya chembe kabisa, mimina chembe kwenye tangi kupitia chekecheo ili vipande vya karatasi na mawe visiingie, kisha washa. Bonyeza kishikio upulize hewa tupu kwanza. Halafu fungua vali ya chembe kidogo kidogo mpaka mpigo uanze kuonyesha rangi hafifu ya chembe. Hapo ndipo panapotakiwa. Wanaoanza huifungua sana wakidhani chembe nyingi zinakata zaidi, kumbe chembe zikizidi hewa hugongana na kupoteza kasi, mpira unaanza kukohoa, na mifuko inaisha bure.

Kupuliza

Jaribu kwanza kwenye kipande kisicho na thamani cha chuma kilekile. Simama imara, miguu ikiwa imeachana, mpira ukipita chini ya kwapa au kando ya nyonga.

Kwa rangi nene, elekeza nozo kwa pembe ya digrii 45 hadi 60 ili mpigo uingie chini ya rangi na kuichanua. Kwa kutu iliyochimba na kwa gamba la kiwandani, lile jeusi lenye ubuluu linalokaa juu ya chuma kipya, simamisha pembe ifike digrii 80 hadi 90. Umbali wa sentimita 30 hadi 45 unafaa kazi nyingi. Ukisogea karibu mpigo hukaza lakini eneo hupungua, ukirudi nyuma eneo hupanuka na nguvu hupungua. Anza na kona, nyuma ya mbavu na matundu ya boliti, malizia na sehemu tambarare. Ukianza na tambarare, chembe zinazoruka kutoka kwenye kona zitaichafua tena. Sogeza nozo kwa mwendo mmoja, kila mstari ukilalia uliotangulia, na usiondoke mahali kabla hapajaisha.

Kipimo cha usafi huelezwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 8501-1. Sa 1 ni mpigo mwepesi tu, Sa 2 ni usafi wa kina, Sa 2½ huacha vivuli hafifu vya madoa au mistari, na Sa 3 ni chuma cheupe pasipo doa. Kwa rangi nyingi za epoksi za nje, Sa 2½ ndiyo inayoombwa. Soma karatasi ya praima kabla ya kupuliza, kwa sababu ndiyo itakayokuambia usafi na mparuzo unaotakiwa, na gharama ya kutoka Sa 2½ kwenda Sa 3 ni kubwa kuliko inavyosikika.

Bati jembamba ni kazi nyingine

Boneti, milango na paa la gari huharibika kwa dakika moja mikononi mwa mtu mwenye garneti na psi 100. Wengi husema ni joto. Sababu kubwa ni kwamba kila chembe inayogonga huutanua upande uliopigwa, upande wa pili ukibaki ulivyo, na bati hubinuka kuelekea kwenye nozo. Halinyooki tena kirahisi. Kwa bati la aina hiyo tumia chembe za plastiki au soda, psi 30 hadi 40, pembe ya digrii 30 hadi 45, umbali wa sentimita 45 au zaidi, na nozo isitulie hata sekunde moja. Kutu kwenye pindo na viungo ipulizwe kwa chembe kali katika eneo dogo tu. Katikati ya paneli kubwa tambarare, kemikali ya kutoa rangi au msasa ni salama zaidi.

Chuma kilichozamishwa kwenye zinki pia hakitaki nguvu: chembe laini zisizo za metali, shinikizo chini ya psi 40, mpigo wa kupitia tu. Unachotaka ni kukwaruza zinki, na ukiona chuma cheusi umeshaiondoa.

Saa chache kabla ya praima

Chuma kilichopulizwa kiko uchi na huanza kushika kutu mara moja, hata kama huioni. Puliza eneo unaloweza kulipaka siku hiyohiyo, na panga praima ndani ya saa 4; hewa ikiwa na unyevu, mapema zaidi. Kutu ya haraka ikijitokeza, rangi ya chungwa juu ya kijivu, muda umepita na lazima urudie mpigo.

Pima hali ya hewa. Unyevu usizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke hewani huanza kuwa maji. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande hutokea kwenye nyuzi 26 hivi, kwa hiyo chuma chenye nyuzi 28 hakifai kupakwa ingawa mkono unakihisi kikavu.

Puliza vumbi kwa hewa kavu au livute kwa kifyonza, kisha bandika selotepu, ikandamize na uibandue juu ya karatasi nyeupe. Ikitoka kijivu, safisha tena. Mparuzo hupimwa kwa kibao cha kulinganisha au kwa utepe wa nakala unaosuguliwa juu ya chuma na kupimwa unene. Usiguse uso kwa mkono mtupu, jasho lina chumvi na mafuta.

Praima lazima ifunike vilele. Mparuzo wa mikromita 75 ukipakwa praima ya mikromita 50 huacha ncha nje, na baada ya wiki chache utaona vidoti vya kutu vilivyotapakaa kila mahali. Mistari ya welding, kona na matundu yapakwe kwanza kwa brashi, halafu ndipo upulize praima yote. Kama kazi itaendelea kesho, acha ukanda wa sentimita 15 bila praima pembeni mwa sehemu uliyopuliza, ili mpigo wa kesho usitupe chembe ndani ya rangi mbichi.

Yanayokwenda mrama

Mpigo unakohoa: vali ya chembe imefunguliwa mno, au chembe zimelowa. Hewa inatoka bila chembe: jiwe au bonge limeziba vali, zima hewa, toa shinikizo lote la tangi, ndipo ufungue. Kazi imepoa polepole kwa siku kadhaa: nozo imetanuka. Ingiza kitako cha biti ya drili chenye ukubwa wa nozo mpya, na tundu likizidi kwa mm 1.6, ibadilishe. Mpigo umepinda upande mmoja: nozo imeliwa vibaya, au gaketi yake imekwisha na uzi wa kishikilia nozo nao unaliwa. Madoa meusi yanarudi mahali palepale ndani ya saa chache: kuna chumvi ndani ya mashimo ya kutu, osha kwa maji safi ya shinikizo, kausha na upulize tena. Rangi inabanduka vipande vipande na nyuma yake ni safi: vumbi au mafuta yalibaki.

Kupuliza kwa maji na chembe hupunguza vumbi sana, ingawa haliishi, na kinga ya kupumua bado inahitajika. Chuma hutoka kimelowa, hivyo kizuia kutu huwekwa kwenye maji. Thibitisha kwanza kuwa mtengenezaji wa praima anakikubali.

Mwisho wa siku tangi la chembe lisilale limejaa, kwani unyevu wa usiku hugandisha chembe na asubuhi utaanza kwa kuzichokonoa. Toa shinikizo, maliza chembe zote, mwaga maji kwenye vitenganishi na kwenye tangi la kompresa, ning'iniza mipira bila kuikunja. Chembe zilizotumika zikusanywe zikiwa kavu na kuwekwa kwenye mifuko iliyofungwa. Zilizotoa rangi yenye risasi zihifadhiwe peke yake, ziandikwe, na zipelekwe panapopokelewa taka za sumu.